Isale Halirudishwi

Kavira alipanda basi la kwanza la Arusha pale stendi ya Moshi akiwa na maandazi mawili, chupa ya maji na dhambi moja. Maandazi aliyanunua mlangoni mwa stendi. Dhambi alikuwa nayo tangu mwezi wa saba, na ndiyo iliyomtoa kitandani alfajiri ile ya baridi, yeye ambaye hosteli nzima ilijua kuwa haamki mpaka avutwe blanketi.

Tuitaje dhambi yenyewe mapema, maana hadithi inayoficha kosa la mwenyewe huishia kudanganya na mengine. Kavira ni mtu wa Goma. Alivuka mipaka kuja kusomea ualimu Moshi, akapangiwa chumba kimoja na Anaeli, binti wa Kimeru kutoka Akeri, kule mlimani juu ya Tengeru. Anaeli ndiye aliyemfundisha kusema shikamoo, kwa kuwa Goma salamu hiyo hawanayo, na ndiye aliyemuuguza siku tatu alipopata malaria. Kwa miaka miwili walikuwa chanda na pete.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho, saa mbili kamili, Brayson alifika mbio kwenye geti la hosteli. Brayson ni binamu yake Anaeli, anaendesha bodaboda hapo Moshi. Umeme ulikuwa umekatika usiku kucha na simu ya Anaeli ilikuwa imezima, kwa hiyo nyumbani walimpigia yeye. Alimkuta Kavira getini akamweleza kwa pumzi moja: bibi aliyemlea Anaeli tangu akiwa na miezi minane anakata roho, anamtaka mjukuu wake ampe baraka, na pikipiki iko tayari. Kavira akamtazama machoni, akamwambia kwamba Anaeli ameshaingia kwenye chumba cha mtihani.

Uongo mtupu. Anaeli alikuwa chumbani anatafuta kiatu cha kushoto.

Msimwone Kavira kuwa mtu katili. Kwake mtihani ulikuwa kitu kitakatifu. Mlima wa kwao ulipotapika moto mwaka 2021 alipoteza mwaka wa shule, na vita vikaja vikala mwaka mwingine. Pale getini alijiambia kwamba bibi atasubiri saa chache lakini chuo hakisubiri mtu. Mtihani ulipokwisha saa sita mchana, akamwambia Anaeli kila kitu. Anaeli alikimbia hadi stendi bila mkoba. Bibi alikuwa amefariki saa tano. Nia njema ni tabibu, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa getini siku ile.

Wanafunzi wenzao walikwenda kuzika. Kavira hakuthubutu, na hilo likawa kosa la pili juu ya la kwanza. Wiki tano zilipita, na Anaeli hakumpa neno hata moja, la kheri wala la shari. Sasa Kavira alitaka jambo moja tu hapa duniani: Anaeli amsamehe. Alipomfuata Brayson kijiweni kuuliza njia ya Akeri, Brayson alimjibu bila hata kuvua kofia ya pikipiki.

"Usiende moja kwa moja. Kwetu mkosaji haendi mwenyewe, anapelekwa. Nenda kwanza mjini kwa mama, Levolosi. Akikubali, atakupeleka. Asipokubali, rudi na basi lako."

Basi liliacha tambarare kavu za Kikatiti, likaingia kwenye ukijani wa Maji ya Chai na Usa River. Upande wa kulia, pale ambapo Anaeli alikuwa akimwambia kila siku kwamba kuna Meru, Kavira aliona ukuta wa mawingu ya kijivu na migomba chini yake, basi. Walipopita Tengeru aligeuza shingo dirishani. Njia ya kwa Anaeli ilikuwa pale pale, inapanda na kupotelea kwenye mikahawa, na yeye anaipita kwa sababu ya adabu za watu.

Mji wa Arusha haukumtisha. Goma nayo si kijiji, na kelele za stendi ni zile zile popote. Kilichomshangaza ni namna watu walivyomwelekeza. "Panda kidogo upande wa mlima," alisema muuza kahawa aliyevaa koti zito la mtumba. "Ukiona umeupa mlima mgongo, ujue umepotea," alisema dada mmoja kando ya soko la Kilombero. Mlima wenyewe haukuonekana hata ncha. Kila mtu alijua ulipo kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake gizani, na Kavira alihisi heshima fulani kwa kitu kinachoaminiwa namna hiyo bila kuonekana.

Mama Brayson, jina lake la ubatizo Agnela, aliuza ndizi Kilombero na kuishi Levolosi, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa na nyumba nyingine kila upande. Alikuwa mama mdogo wake Anaeli, mtoto wa yule yule bibi aliyefariki. Kavira alilijua hilo alipobisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Brayson alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Ndiye wewe."

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Umekula?"

Kavira alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Machozi yalimtoka pale pale mlangoni, na Mama Brayson akamwacha alie huku akimmiminia chai. Hakumbembeleza wala hakumkaripia. Alipoona kikombe kimefika nusu, akasema.

"Mimi nilimfunga mama yangu macho kwa mikono hii. Usidhani sina la kukwambia, ninalo. Lakini yule mtoto amekuwa jiwe. Hali, haongei, anageuza kahawa juani tangu asubuhi hadi jioni. Tumeshamzika mmoja, sitaki kuzika wa pili. Leo yaishe. Maliza chai."

Thomasi, kijana anayemletea ndizi, alikuwa anarudi mlimani na kirikuu chake, kigari cha mizigo, kikiwa kitupu. Mama Brayson alipanda mbele. Kavira alikaa nyuma kwenye majani makavu ya migomba, upepo wa Agosti ukimkata masikio. Walirudi hadi Tengeru, wakaiacha lami, wakaanza kupanda kwenye barabara ya udongo mwekundu. Maji ya mifereji yalikimbia kandokando. Kila baada ya hatua chache kulikuwa na mtu mwenye kikapu cha kahawa, na kila mmoja aliinua mkono kusalimia.

Kisha mawingu yakafunguka. Hayakuondoka polepole. Yalichanika tu, na Meru ikawa imesimama juu yake.

Kavira alishika kingo za gari kwa mikono miwili. Alikuwa amefikiri mlima utakuwa mbele, kule mwisho wa barabara, kumbe ilibidi ainue shingo kuutafuta mwisho wake. Msitu ulipanda mpaka ukachoka, mawe meusi yakapokea, nayo yakapanda mpaka kwenye ncha kali iliyokuwa imeshika jua peke yake. Upande wa mashariki mlima ulikuwa umemeguka, kipande kikubwa kuliko mji mzima kimeondoka zamani ambazo hakuna babu anayezikumbuka. Mlima wa kwao aliujua kwa moshi na kwa wekundu wa usiku, na alikuwa amekulia katika kuuogopa. Huu nao uliwahi kutapika moto. Sasa ulikuwa kimya, na watu walikuwa wamepanda kahawa kwenye majivu yake, wakajenga makanisa na kuozeshana watoto. Kavira alistaajabu hadi akasahau alikokuwa akienda. Alijikuta anasali bila maneno, na hakujua anamwomba Mungu nini.

Gari lilisimama. Mama Brayson alishuka na kisu mkononi, akaenda kwenye mpaka wa kihamba kimoja, shamba la migomba na kahawa, ambapo mimea mirefu yenye majani ya mkuki ilikuwa imepangwa mstari. Alikata jani moja, akalifunga fundo katikati, akamletea.

"Hili ni isale. Lishike kwa mikono miwili. Ukifika usiongee. Mpe yeye mwenyewe."

Kavira aliujua mmea ule. Ulizunguka hosteli yao Moshi, na alidhani ni ua kama ua jingine lolote.

"Nikimpa niseme nini, mama?"

"Litasema lenyewe."

Mama Brayson hakueleza zaidi. Watu wa mlima ule hulijua isale tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, na hakuna anayekumbuka siku aliyofundishwa. Haikumpitia akilini kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kulibeba bila kujua amebeba nini. Kavira naye alidhani amepewa kitu kama shada la maua, cha kulainisha moyo wa mwenye hasira.

Uani kwa Babu Elimringi, mume wa marehemu bibi, kulikuwa na vichanja vitatu vya kahawa. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, koti limefungwa hadi shingoni, anachagua mbovu na nzima. Anaeli alikuwa amesimama kwenye kichanja cha mwisho, anageuza kahawa kwa viganja. Alikuwa amekonda. Aliinua macho akamwona Kavira, na uso wake haukubadilika. Kisha akaliona jani. Hapo alirudi nyuma hatua mbili na kutazama kulia na kushoto, mithili ya mtu anayetafuta upenyo.

Babu alivua kofia. Jirani aliyekuwa akichuma upande wa pili wa mpaka aliacha kuchuma. Hata Thomasi alizima injini. Kavira alivuka ua ule katika ukimya ambao hajawahi kuusikia hata kanisani, akanyoosha mikono miwili.

Anaeli alilitazama jani kwa muda mrefu. Akafuta viganja kwenye aproni, akalipokea.

"Nimelipokea," alisema, macho yakiwa kwenye fundo. "Yamekwisha."

"Yamekwisha," alirudia Babu, akavaa kofia.

Na kweli kila kitu kikaendelea. Jirani aliendelea kuchuma, Mama Brayson akaingia jikoni, loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, ikaletwa kwenye mabakuli. Kavira alikaa karibu na Babu akiwa mwepesi kama aliyetua gunia. Wiki tano za kulia, jumbe alizoandika akazifuta, sala zote zile, halafu jani moja la mpakani limemaliza kazi kwa dakika moja! Watu gani hawa, alijiuliza, wenye dawa kama hii kwenye ua wa kila nyumba, na dunia nzima inauana kwa kuikosa?

"Babu," aliuliza kwa heshima, "na kama angekataa?"

Babu Elimringi aliacha kijiko hewani. "Akatae isale?"

"Ndiyo, Babu."

"Halikataliwi, mjukuu wangu. Ukilikataa, lile kosa linahamia kwako na kwa watoto wako. Hakuna aliyewahi kulikataa hapa." Akaweka bakuli chini. "Nilikuwa na mdogo wangu, Manase. Jirani alimkata panga kwa ugomvi wa mpaka, akafa. Jirani akafungwa. Alipotoka, nikasikia wajomba zake wanamleta na isale. Unajua nilifanya nini? Nilikimbia. Siku tatu nililala msituni na baridi yote ile, maana nilijua wakinikuta limekwisha. Siku ya nne njaa ikanishusha, wakanikuta mferejini nakunywa maji. Nikalipokea. Keshokutwa yake tukachuma kahawa pamoja, mimi na yeye, na tumezeeka pamoja."

"Na moyo wako, Babu?"

"Moyo ulinifuata nyuma. Ulichukua miaka tisa kufika."

Kavira alimtazama mzee yule, na mshangao wake ukawa mkubwa kuliko ule wa mlima. Halafu, taratibu, akalisukuma bakuli pembeni. Aliona tena zile hatua mbili alizorudi nyuma Anaeli. Aliona macho yakitafuta pa kukimbilia. Anaeli hakusamehe. Alikuwa amekamatwa mferejini. Kwa mara ya pili Kavira alikuwa amemwamulia jambo ambalo lilikuwa lake mwenyewe kuliamua.

Alisimama, akaenda kwenye kichanja. Isale lilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Anaeli, ncha imechomoza.

"Anaeli, nirudishie."

"Nini?"

"Jani. Sikujua. Naapa kwa Mungu, sikujua kwamba huwezi kukataa. Nilifikiri naomba. Nirudishie, useme unachotaka kusema."

Mama Brayson alitoka jikoni na mwiko mkononi. "We mtoto! Isale halirudishwi! Baba, mwambie! Atatuletea balaa hapa!"

Babu alitafuta fimbo yake. Alisimama, na kusimama kwake kulichukua muda. Alikuja hadi kwenye kichanja akiegemea fimbo, akamtazama Kavira kama vile ndiyo kwanza anafika.

"Nina miaka themanini na mitatu," alisema. "Nimeona isale likiletwa na mwizi, nimeliona likiletwa na mwuaji. Sijamwona aliyelirudia ili mwenzake apate kumkasirikia." Aligeuka kwa binti yake. "Agnela, anayepewa hawezi kukataa. Hiyo naijua. Ile ya kumkataza mletaji kulichukua tena, nani alikufundisha?"

Babu alinyoosha mkono, Anaeli akampa jani. Alilifungua fundo kwa kucha zake za kizee, bila haraka, akalitupa kwenye migomba.

"Haya," alimwambia Anaeli. "Mdomo ni wako."

Kwa muda Anaeli aliendelea kugeuza kahawa. Kisha sauti ikamtoka, na haikuwa kubwa.

"Tangu jana yake Bibi hakunywa maji. Mama mdogo alikuwa analeta kijiko, yeye anafumba mdomo. Alisema, 'Nikinywa nitayameza mate, na mate haya ni ya Anaeli.'" Alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi la kahawa. "Unajua kwetu mzee anakubarikije? Anakutemea kidogo hapa, kifuani, anakutajia maneno yako. Ya kwako tu, hayupo mwingine anayeyajua. Brayson alikuwa getini saa mbili. Kwa pikipiki ningefika saa tatu na nusu. Ningekaa naye saa moja na nusu, Kavira. Midomo ilimpasuka kwa kunisubiri. Na mimi nilikuwa najaza karatasi."

Mama Brayson alikuwa ameketi kizingitini, mwiko umemdondoka. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kile kijiko.

Kavira alikuwa na maneno. Alikuwa na volkeno, na vita, na ile miaka iliyopotea, vyote tayari mdomoni. Akavimeza. Alipofungua kinywa, kilichotoka kilikuwa Kiswahili cha nyumbani kwao Goma.

"Ni mi njo nilidanganya," alisema. "Hakuna mwingine. Ni mi."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na sijui kama nitaweza."

"Najua, Anaeli."

Waliangaliana. Jambo la ajabu ni kwamba Kavira hakuhisi amefukuzwa. Ile "yamekwisha" ya kwanza ilikuwa imempa usingizi, lakini hii iliuma, na ilikuwa ya kweli, na ilikuwa sauti ya rafiki yake, ambayo hakuisikia kwa wiki tano. Alisimama pale akiwa na hofu na shukrani kwa pamoja, na hakujua aende wapi na kimojawapo. Babu alikuwa amerudi kwenye kigoda chake na kuendelea kuchagua kahawa.

Saa tisa na nusu alipiga magoti kumuaga mzee. Thomasi alikuwa ameshaondoka, na mgeni hateremshwi mlima peke yake kama mbuzi aliyepotea. Mama Brayson alianza kutafuta kanga yake.

"Kaa, mama mdogo," alisema Anaeli. "Nitamsindikiza mimi."

Waliteremka kwa miguu, mmoja mbele, mwingine nyuma, kwa saa nzima. Hawakuzungumza. Mahali palipokuwa na utelezi, Anaeli alisema "hapo" bila kugeuka, na Kavira akakanyaga alipoambiwa. Nyuma yao mlima ulikuwa umefunguka wote, na kila mtu waliyekutana naye alisimama kidogo kuutazama, watu waliozaliwa hapo, ambao ungedhani wameshauchoka. Kavira naye alitazama. Tofauti na mlima wa kwao, huu hakuuogopa.

Tengeru basi la Moshi lilikuwa limeshasimama, konda anagonga bati. Kavira alipanda ngazi ya kwanza. Hakuwa na la kusema ambalo halingekuwa kuomba tena, na alikuwa ameapa moyoni kutoomba tena.

"Kavira."

Aligeuka.

"Ukifika, nipigie."

Basi liliondoka. Kavira alilia hadi Usa River, na mama aliyekaa kando yake akampisha dirishani bila kuuliza. Giza lilikuwa limeingia aliposhuka stendi ya Moshi. Hakungoja kufika hosteli. Alisimama katikati ya makelele yale, akatafuta jina la Anaeli, akapiga.

Simu iliita mara moja tu, Anaeli akapokea.